Kifungu cha Mkate Usioumuka

Katika nyumba hii, siku ilianza na unga. Kabla jua halijachomoza, Bibi Harusi alikuwa amekwisha kunja mikono ya gauni lake na kuanza kukanda. Mume wake, mwokaji, aliwasha tanuri. Mama mkwe alipaka trei mafuta huku akilalamika kwamba watu wa siku hizi hawajui kupaka trei mafuta. Chumba cha mbele kilikuwa duka. Chumba cha nyuma kilikuwa joto na makelele.

Bibi Harusi halikuwa jina lake. Harusi yenyewe ilipita zamani, hata gauni la siku hiyo lililiwa na nondo. Lakini mama mkwe alianza kumwita hivyo siku ya kwanza, na hakuona sababu ya kuacha.

Bibi Harusi alijua kuoka, tena vizuri. Hata hivyo, alikuwa na jambo lake. Alitaka kuwa muuguzi. Wakati fulani mume wake aliungua mkono kwenye mlango wa tanuri. Muuguzi mmoja wa zahanati alimsafisha kidonda na kumfunga bila haraka, huku akimweleza kila alichokuwa akifanya. Bibi Harusi alisimama pembeni, macho yake kwenye mikono ya yule muuguzi. Alirudi nyumbani na hamu ya kazi ile, na hamu hiyo haikumtoka tena.

Chuo cha uuguzi kilikuwa na mtihani wa kuingilia. Hesabu alipita. Sayansi alipita. Kiingereza kikamwangusha, hasa sehemu ya ufahamu, ile ya kusoma kifungu cha habari na kujibu maswali. Chuo kiliruhusu mtu kujaribu mara mbili tu. Mara ya kwanza ndiyo hiyo ilikwenda na maji. Mara ya pili ilikuwa inakaribia, na baada ya hapo hakuna nyingine.

Basi alisoma kila mchana, mikate ya asubuhi ikishauzwa. Alikaa kwenye meza ya kukandia na kitabu cha mazoezi. Kila neno la Kiingereza asilolijua alilisaka kwenye kamusi. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake alikuwa ameshausahau.

Siku moja alifungua ukurasa mpya na kucheka kwa sauti.

"Mume wangu, njoo! Leo wameniletea mambo yangu. Kifungu chote ni habari za mwokaji mikate!"

"Basi hapo umeshapita," mume wake alisema, akipangusa mikono. "Wakuulize nini kuhusu mkate?"

Bibi Harusi akasoma mbio. Hakugusa hata kamusi. Akajibu maswali yote, kisha akageuza kurasa kutazama majibu mwishoni mwa kitabu.

Alikuwa amekosa karibu yote.

Alitazama tena. Wiki iliyopita alijibu maswali kuhusu samaki wa bahari zenye barafu, samaki ambao hajawahi kuwaona, akapata mengi. Leo ameulizwa kuhusu mkate, akafeli. Machozi yakamlengalenga.

"Kitabu kimekosea," mume wake alisema. "Hebu nitafsirie."

Bibi Harusi akamweleza. Kuna mwokaji, asubuhi moja mikate yake ilikataa kuumuka. Swali linauliza, kwa nini haikuumuka? Yeye amejibu kwamba hamira ilikuwa imekaa sana.

"Siyo hamira," mume wake alisema. "Huyo alizidisha chumvi. Mimi nawajua."

Mama mkwe alikuwa mlangoni na trei. "Chumvi gani? Hakukanda vya kutosha. Wanaume mna haraka."

"Mama, unga usiokandwa huonekana!"

"Mimi nilikanda unga kabla wewe hujazaliwa. Usinifundishe."

Wakabishana. Walibishana juu ya mwokaji ambaye hawajawahi kumwona, wa mji wasioujua, kama vile ameiba wateja wao. Sauti zikafika barabarani.

Wakati huo jirani yao aliingia dukani kununua mkate. Huyu alikuwa karani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kuandika yanayosemwa mahakamani, na watu wote wa mtaa walimwita Mama Karani. Alikuwa bado na viatu vya kazini.

"Hodi! Kuna nini? Nani amepigwa?"

"Hakuna aliyepigwa," alisema Bibi Harusi. "Ni mimi tu na Kiingereza changu."

Mama Karani akavuta kiti, akakisoma kile kifungu polepole. Kisha akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

"Nyote mmefeli," alisema. "Familia nzima! Kitabu kinasema hamira ilikuwa mpya. Angalia hapa. Chumvi hawakuitaja. Kukanda hawakukutaja. Wameandika kwamba dirisha liliachwa wazi, chumba kikawa baridi."

"Baridi?" mama mkwe aliuliza. "Tanurini kuna baridi wapi?"

"Huko kwao ipo, jirani yangu. Wameandika."

"Na ile mikate aliifanyia nini?" mume aliuliza.

"Aliwapa kuku."

Mama mkwe aliweka trei chini. "Kuku! Mikate yote! Huyo siyo mwokaji!"

"Mimi niliandika kwamba aliikausha akaisaga," Bibi Harusi alisema kwa unyonge. "Ndivyo tunavyofanya hapa."

Mama Karani akamgeukia. Sasa hakucheka.

"Mwanangu, nikuambie kosa lako. Wewe Kiingereza unakijua kuliko unavyodhani. Shida ni kwamba unajibu kutoka kichwani kwako. Mimi kazini, shahidi akisema gari lilikuwa jekundu, ninaandika jekundu. Hata kama gari lenyewe liko nje na nimeliona kwa macho yangu ni la bluu."

"Kwa hiyo niandike uongo?"

"Hapana. Hawakuulizi dunia ikoje. Wanakuuliza kifungu kimesema nini. Wakitaka maoni yako, swali lenyewe litasema, wewe unafikiri nini. Hapo utatoa ya kwako."

Bibi Harusi akakitazama tena kile kifungu. Alijisikia mjinga kidogo, na papo hapo akajisikia mwepesi.

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza, soma maswali kabla ya kifungu, ili ujue unatafuta nini. Kisha soma kifungu chote mara moja bila kusimama. Halafu rudi kwenye swali. Kila jibu lazima uweze kuliwekea kidole. Ukikosa mstari wa kuuwekea kidole, jibu hilo umelitoa kwako."

"Na maneno nisiyoyajua?"

"Haya, neno hili hapa unalijua?"

"Silijui." Mkono wake ukaenda kwenye kamusi. Mama Karani akaisogeza mbali.

"Mtihani hauna kamusi. Soma mbele yake. Wateja walifanya nini walipoonja ule mkate?"

Bibi Harusi akasoma, midomo ikicheza. "Walitafuna sana. Mmoja akasema atavunja meno."

"Basi mkate ulikuwaje?"

"Mgumu!"

"Umeona? Neno lenyewe limezungukwa na wenzake. Waulize wenzake. Na kama neno halikuzuii kupata habari, liruke, usonge mbele."

"Lakini kuna swali hili," Bibi Harusi alisema. "Linauliza kama wateja walimpenda yule mwokaji. Hilo hawakuandika popote."

"Waziwazi hawakuandika. Kesho yake wateja walifanya nini?"

"Walirudi. Mmoja alimletea kuni."

"Mtu usiyempenda utambebea kuni?"

"Hata kidogo!"

"Basi walimpenda. Kidole chako kiko pale kwenye kuni. Hata jibu la kufikiria lina mahali linapoegemea."

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Pakiti ya hamira ilikuwa na maelezo ya Kiingereza, na mume wake akawa mtahini. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini maswali aliyajua.

"Pakiti inasema maji yaweje?"

"Ya vuguvugu."

"Kidole?"

"Hiki hapa, mstari wa pili."

"Na sisi tunatumia maji gani?"

"Hilo hukuiuliza pakiti, umeniuliza mimi."

"Safi!"

Mchezo huo ukaenea nyumba nzima. Mama mkwe akianza kusimulia kwamba mke wa fundi saa amegombana na mumewe, mwanawe alimkatiza, "Mama, kidole!" Mama mkwe akajibu kwamba kidole hicho atakivunja. Lakini alikuwa anacheka. Na mchana, Bibi Harusi aliposoma kwa sauti, mama mkwe alipunguza makelele ya trei. Hakusema kwa nini.

Siku nyingine mambo yalikuwa magumu. Kulikuwa na kifungu cha reli ambacho alikisoma mpaka kichwa kikamuuma, bado akakosa. Alitupa kitabu kwenye gunia la unga. Kisha akakiokota, akakipangusa, akamwendea Mama Karani. Wakakuta kwamba hakuwa ameyasoma maswali kwanza. Alikuwa amechoka, akapita njia ya mkato.

Siku ya mtihani alikaa dirishani. Kifungu cha kwanza kilihusu mkimbiaji. Hakujua lolote kuhusu mbio, hivyo hakuwa na la kuongeza. Kifungu cha pili kilihusu mpishi aliyepika maharage bila kuyaloweka. Hapo moyo ulimdunda. Alijua mambo mengi sana kuhusu maharage! Kalamu ilikuwa imeshaelekea kwenye jibu lake mwenyewe. Akaisimamisha. Akarudi kwenye kifungu, akaweka kidole kwenye mstari, akajibu kama mstari ulivyosema. Mpishi yule alimkera kweli, lakini alimwacha apike anavyotaka.

Matokeo yalikuja asubuhi moja kwenye simu. Mume wake alikuwa wa kwanza kuona.

"Umepita! Bibi Harusi, umepita! Chuo kimekuchukua!"

Akamkumbatia, wote wawili wakawa weupe kwa unga. Mama Karani alisikia vigelegele akaja mbio na kiatu kimoja. Mama mkwe peke yake hakusogea. Aliendelea kupaka trei mafuta. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa:

"Na masomo yakianza, nani atakanda unga alfajiri?"

Vigelegele vikakatika. Mume akamvuta mkewe pembeni.

"Umesikia? Mama hataki. Nilijua tu."

Bibi Harusi naye aliumia. Kwa muda alihisi chuo kinamponyoka mkononi. Lakini akayarudia yale maneno moyoni, neno kwa neno.

"Hataki amesema saa ngapi?" alimnong'oneza mumewe. "Ameuliza nani atakanda. Basi."

Akamwendea mama mkwe, akasimama karibu yake.

"Mama, umeuliza vizuri. Sisi hatujapata mtu. Wewe ulikuwa unamfikiria nani?"

Mama mkwe akaweka brashi ya mafuta chini.

"Nilidhani hamtaniuliza kabisa. Mpwa wangu anakuja. Yule aliyekuwa akioka kwenye hoteli ya kituoni. Nimeshaongea naye, na kitanda nimeshamtengea."

"Umeongea naye lini, mama?"

"Kabla hujafanya mtihani."

"Kabla ya mtihani! Na kama ningefeli?"

"Ungefelije?" mama mkwe aliuliza, kwa ukali kidogo. "Si nilikuwa nakusikia ukisoma kila siku?"

Bibi Harusi alitaka kusema asante. Akainama juu ya meza ya kukandia, machozi yakaanza kudondoka.

"Usilie hapo," mama mkwe alisema. "Unalowesha unga."

Basi akasogea pembeni, akalia vizuri.