Zambarau Hazikaushi Uvimbe

Adelina aliuza zambarau kando ya Barabara ya Bagamoyo, pale Mwenge. Mumewe, Albano, alichonga vinyago vya mpingo hatua chache kutoka kwenye gunia la zambarau la mkewe. Walikuwa watu wa Newala. Kwa ubishi, Adelina hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Mteja akibonyeza zambarau bila kununua, alikiona cha mtema kuni.

Siku moja, akioga, Adelina aligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Kilikuwa kidogo kama kunde. Hakikuuma. Alimweleza mumewe.

"Mama Yustina, hicho tutakikausha," Albano alisema. "Mie gogo bichi silichongi, nalikausha kwanza. Zambarau si zina ukakasi? Si zinakausha ulimi? Basi zitakausha na uvimbe."

Maneno hayo yalimwingia Adelina. Kila asubuhi alikamua zambarau na kunywa kikombe kizima. Ulimi wake ukawa na rangi ya wino. Jirani yao Kokuberwa, nesi wa zahanati, aliuona ulimi huo wakiwa kwenye foleni ya bomba. Akauliza, akaambiwa.

"Twende hospitali, Mama Yustina," alisema nesi.

"Wakanikate? Sikatwi mie!"

"Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Sijaficha, nesi. Nimekwambia hadharani, na dawa ninakunywa!"

Akajitwika ndoo yake, akaondoka. Kichwa kigumu kile!

Miezi miwili ikapita. Uvimbe ukawa mkubwa kama kokwa la embe changa. Ngozi juu yake ikaingia ndani kidogo. Bado haukuuma. Lakini sasa Adelina aliogopa, na hofu ikamtia hasira. Alikwenda kwa Kokuberwa na kikombe mkononi.

"Nesi, nimekunywa zambarau mpaka meno yanakufa ganzi. Lidude lenyewe linanenepa! Linakula nini?"

"Linakula damu yako," Kokuberwa alijibu. "Kaa hapa. Na wewe shemeji Albano, njoo usikie."

Albano akaja kutoka uani kwao, patasi mkononi.

"Si kila uvimbe ni saratani," nesi alisema. "Lakini ukiwa saratani, hautulii. Unajivutia mishipa midogo ya damu, kama mtu anayejivutia bomba la maji bila kuomba ruhusa. Ukishapata damu unashiba, unakua, unasambaa. Na kutouma kwake kusikudanganye."

"Ndiyo maana nasema tuukaushe!" Albano alidakia.

"Shemeji, gogo unalokausha limeshakatwa. Halina mizizi. Umewahi kukausha mti uliosimama?"

Albano aliishusha patasi. Tangu azaliwe hakuwahi.

"Kwa hiyo zambarau ni uongo?" Adelina aliuliza.

"Zambarau ni tunda zuri, kula. Wapo wataalamu wanaotafuta dawa ya kuzuia mishipa hiyo isiote. Huenda siku moja wakaona kuna kitu cha kusaidia ndani ya zambarau au forosadi. Lakini huenda si dawa. Hata kitu kikifanya kazi kwenye chupa ya maabara, bado hatujui kama kitafanya kazi mwilini mwa mtu. Ukakasi wa mdomoni unaishia mdomoni. Hospitali watakata kipande kidogo, wakipime, ndipo tujue."

Adelina alimwaga kikombe uani. Alikuwa ameshaamua.

"Kesho naenda."

"Mama Yustina, wakilitoa hilo titi utarudi nusu!" Albano alilalamika. "Watu watasema nini?"

"Waseme! Bora nirudi nusu nikiwa hai kuliko nizikwe mzima. Kama unaona aibu, baki na vinyago vyako."

Albano hakubaki. Asubuhi alibeba kikapu cha nguo, akamfuata mkewe hospitali kubwa. Kipimo kilionyesha saratani. Daktari alisema haijafika mbali, ila wangechelewa zaidi ingekuwa taabu. Titi likaondolewa. Adelina alilia siku tatu, akautukana uvimbe kwa Kimakonde, kisha akaomba uji.

Mwaka ulipita. Alirudi kupimwa kila alipoitwa, na uvimbe haukurudi. Albano alimsifu mkewe kwa kila mtu mpaka wateja wakachoka.

Jioni moja, akiandika ubaoni kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, Adelina alisikia mnong'ono nyuma yake. Mwanamke mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, "Zambarau ndizo zilizomponya. Mie nimeanza kunywa."

Adelina aliweka chaki chini. Mwalimu wao alikuwa mwanamke, na darasa zima lilikuwa la wanawake. Alifungua khanga, akateremsha gauni begani. Kovu lilionekana, refu, limetulia.

"Zambarau zilinichelewesha," alisema. "Hii ndiyo kazi ya daktari. Mnaona aibu kutazama? Mie sioni aibu kuwa hai. Nani humu ana uvimbe kwenye titi? Asimame. Kesho asubuhi nakwenda naye mwenyewe, na mumewe akikataa, aje kubishana na mie."

Mwanamke wa mnong'ono alisimama. Halafu akasimama mwalimu.