Nyayo Kwenye Chemchemi ya Mikaeli

Jumapili asubuhi, waumini wa kanisa la Mikaeli kule Gojamu walikuta chemchemi takatifu imekauka kabisa. Kabla ya mchana lawama zote zilimwangukia injinia Kifle, aliyekuwa akipasua mwamba kupitisha barabara kuu. Ikithibitika ni baruti yake, barabara itahamishwa.

Inspekta Yeshimebet alivua viatu kwenye lango la msitu wa kanisa. Kifle akapita na buti zake.

“Injinia, hata punda wetu wana adabu,” Abba Gebreyes, mlinzi wa msitu, alimkemea huku akiegemea fimbo yake ya sala.

Mitarakwa mikongwe ilifunga anga, mbega wakiwatazama kimya. Yeshimebet alizaliwa jirani, lakini mwili bado ulimsisimka kama alivyokuwa mtoto. Alijikuta ananong’ona.

Kwenye jicho la chemchemi aliingiza vidole. Udongo uliokandwa na majani makavu ya nafaka ya tefu, ule wa kusiriba nyumba.

“Baruti haisiribi,” alisema.

“Si nilisema!” Kifle alidakia. “Ni Ayalnesh, muuza kahawa. Nyumba yake itabomolewa kupisha barabara, na jana alikuwa anasiriba!”

Ayalnesh aliitwa, akaja amefura. “Mimi nizibe maji ya Malaika, halafu nilale usingizi? Udongo wangu umeibwa, na nimepiga kelele kijiji kizima!”

Yeshimebet aliinama kwenye tope. Nyayo za miguu mitupu, na kando ya kila unyayo wa kulia, kitundu cha duara.

“Watu wa injinia hawavui buti hata wakiombwa,” alisema. “Huyu alikuja kuharibu, na bado akavua viatu langoni. Na Ayalnesh hatembei na fimbo, Abba.”

Mzee aliitazama ncha ya fimbo yake, yenye tope kavu.

“Ningeingiaje na viatu, mwanangu?”

“Kwa nini, Abba?”

“Mtaalamu wao wa mazingira alipima maji, akaridhika. Nikamwuliza, na miti? Akasema kazi yake ni chemchemi. Angalia, wameipaka rangi nyekundu ikatwe, barabara ipite. Nikaona, kama wanachohofia ni maji tu, basi maji yapotee.”

Yeshimebet alibandua udongo. Maji yalifoka, yakamlowesha hadi kifuani, na Ayalnesh akapiga vigelegele huku analia. Kifle alirudi nyuma, akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama ile miti bila kuipima.

Langoni, Abba alihangaika kuvaa viatu akiwa na pingu. Kifle alitoka wa mwisho, peku, buti mkononi. Akapiga magoti, akamfunga mzee kamba za viatu. Kisha akamwita mpimaji wake aje kung’oa vigingi vya barabara msituni.