Raba ya Stroberi

Asubuhi hiyo Nagisa alipoinua mlango wa bati wa duka, alikuta vumbi la raba limetapakaa juu ya kaunta. Vijivumbi vya rangi ya waridi, vile anavyoviacha mtoto aliyekosea hesabu na kufuta kwa hasira. Jioni iliyotangulia alikuwa amepangusa kaunta mwenyewe, na kwa usafi Nagisa hana mchezo. Pembeni, kwenye karatasi ambayo wateja huijaribia kalamu, mtu alikuwa ameandika jina kwa penseli, kwa mwandiko wa kitoto: Honami.

Alijiambia ni mteja. Wasichana wengi walikuwa wamepita jana, na huenda mmoja wao aliitwa hivyo. Ila moyo ulikataa kuamini. Honami lilikuwa jina la mdogo wake, aliyefariki kwa maradhi ya kifua akiwa na miaka tisa.

Duka hilo la vifaa vya shule, pale Kishiwada, mji wa jirani na Osaka, lilikuwa likifa taratibu. Shule ya jirani ilifungwa, watoto wakaadimika, na mtaa mzima wa maduka chini ya paa lake refu ukabaki na wazee wanaosalimiana. Kisha, usiniulize kwa nini, vijana wa Osaka wakaanza kupanda treni kuja kutafuta rangi za utotoni mwa mama zao: stika nene za kuvimba zenye sungura wa mashavu mekundu, mikebe ya penseli ya waridi na samawati, karatasi za barua zenye upinde wa mvua, raba zenye harufu ya matunda. Vitu ambavyo wazazi wao walivitupa jalalani, wao walivishika kama yai.

“Jamani, tazama! Mama alikuwa na hii hii!” walipiga kelele, na Nagisa, aliyekaribia kufunga duka, akafufuka pamoja nalo.

Siku moja kabla ya vumbi hilo alikuwa amepanda ghalani, akashusha maboksi ya mali ya zamani. La mwisho lilikuwa limezungushiwa utepe wa gundi na mama yake, Bi Fusako, kwa mikono ya mtu asiyetaka lifunguliwe tena. Ndani mlikuwa na vitu vya Honami. Nagisa alilia kidogo, akavirudisha, akabakiza kimoja tu: raba ya stroberi iliyolika nusu, ndani ya ganda lake la karatasi. Vijana wanapenda kitu chenye alama ya mtoto wa kweli. Akaiweka kwenye kabati la kioo, na kibandiko: Haiuzwi.

Usiku ule, wakila, Bi Fusako aliinua pua. “Mbona nasikia stroberi?”

“Ni sabuni, Mama.”

“Sabuni gani ya kunitoa machozi?”

Baada ya vumbi, ikaja sauti. Kila jioni mlango wa bati uliposhushwa, kwaru, kwaru, kwaru, kutoka upande wa kaunta, na Nagisa akigeuka, kimya. Raba ndani ya kioo ilikuwa ikipungua.

Halafu watu wakaanza kumsahau.

Wa kwanza alikuwa Bi Toshie, muuza viazi vya kukaanga wa ng'ambo, ambaye tangu Nagisa yuko shule ya msingi hakuacha kumtania.

“Karibu, dada. Mgeni hapa?”

“Bi Toshie, leo sina nguvu za utani wako.”

“Utani gani tena?” Yule mama alimkazia macho, koleo la viazi mkononi. “Nakujua mimi?”

Nagisa alicheka, akangoja na mwenzake acheke. Hakucheka. Machoni mwake hamkuwa na mzaha wala kumjua, mlikuwa na ule upole wa muuzaji kwa mpita njia.

Kesho yake alimpandishia mama yake supu ya miso ghorofani walikoishi. Bi Fusako alikuwa na akili kali kuliko watu wote wa mtaa, juzi tu alimshinda binti yake kwenye fumbo la gazeti huku akimcheka. Sasa aliinama kwa heshima, viganja magotini.

“Samahani kwa kukusumbua. Umetumwa na manispaa?”

“Mama, ni mimi. Nagisa.”

“Nagisa nani?”

Bakuli lilimponyoka. Hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na mama tu, na mama alikuwa akimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekosea mlango.

Siku ya mtawa ikafika. Mzee Ryokei wa hekalu la Kibudha alikuja na pikipiki yake ndogo kama kila mwezi tarehe aliyofariki Honami, akasoma sala mbele ya madhabahu ya nyumbani, penye picha ya mtoto na kikombe cha wali. Alipomaliza alimgeukia Nagisa, akasita.

“Wewe ni... mkwe wa hapa?”

Nagisa akamwekea raba mkekani, akamweleza yote kwa kunong'ona. Mzee alijisogeza nyuma.

“Mimi najua sala za wafu, mwanangu. Hii haimo vitabuni mwangu. Hii ni dua ya wasichana wa shule. Wewe ulikuwa msichana, sheria yake unaijua.”

Aliijua. Nani asiyeijua? Unaandika jina la umpendaye kwa wino wa kijani kwenye raba mpya, unalificha kwa ganda, unafutia mpaka raba iishe, na aliye humo anakuwa wako. Lakini mtu mwingine akifutia, hata mara moja, dua imeharibika.

“Lazima Honami ameandika jina la Mama,” Nagisa alisema. “Alikuwa akilia hospitalini anamtaka Mama. Sasa anamchukua, na mimi ananitoa njiani.”

“Basi futia wewe.”

“Ni mdogo wangu, mheshimiwa.”

“Najua. Nilimzika mimi.” Mzee alimsogezea raba. “Futia kabla haijaisha.”

Jioni alishusha mlango wa bati, akaiweka raba juu ya kaunta, akangoja. Harufu ilianza chini, miguuni, tamu, nzito, stroberi ambayo haijawahi kuota shambani, ikapanda mpaka kooni, na nyuma yake ikaja harufu ya dawa na mashuka ya hospitali, kisha kwaru, kwaru, na Nagisa akaona raba inakwenda na kurudi yenyewe, halafu si yenyewe, kwa kuwa ulikuwepo mkono mdogo juu yake, mweupe, wenye plasta pale sindano ilipokuwa imechomwa, na kichwa kilichoinama kwa bidii ya mtoto anayemalizia kazi ya shule, na nywele zilizofungwa kwa vile vibanio vya cheri ambavyo Nagisa mwenyewe alimfunga siku ya mwisho.

“Dada,” mtoto alinong'ona bila kuinua uso, “bado kidogo tu.”

Nagisa akamnyang'anya. Mkono ulikuwa baridi, haukuwa na nguvu, uliachia kama ulivyozoea kumwachia dada mkubwa. Akakandamiza raba kwenye karatasi ya kwanza iliyokuwa mbele yake, akafuta kwa nguvu, macho amefumba, huku mtoto akilia, kilio kile kile cha kunyang'anywa kitu, na kilio kikaenda mbali, mbali, kikakatika.

Alipofumbua macho ganda lilikuwa limechanika. Kwenye kipande cha raba kilichobaki kulikuwa na mwisho wa jina kwa wino wa kijani, na jina lile halikuwa la Mama. Lilikuwa lake. Nagisa. Mtoto alikuwa amemtaka dada yake, miaka yote hiyo, na alikuwa akimfungua polepole kutoka kwa kila aliyemshikilia.

“Nagisa!” Bi Fusako aliita kutoka juu. “Supu inapoa, wewe mtoto! Unangoja nikulishe?”

Alipanda ngazi akilia, akamkumbatia mpaka mama akalalamika. Mama alimpapasa nywele, akamwambia amekonda. Kisha akanyoosha kidole kwenye madhabahu.

“Hebu niambie, huyu mtoto pichani ni nani? Mzuri huyo. Wa nani?”

Nagisa akaikumbuka ile karatasi ya kujaribia kalamu, na jina la penseli lililokuwa juu yake, alilolifuta macho amefumba.

“Ni wetu, Mama. Ni mdogo wangu. Anaitwa...”

Aliuona uso, aliona vibanio vya cheri, alisikia kile kilio. Jina halikuja.

Alishuka mbio, akapiga magoti mbele ya kaunta, akaanza kuokota vile vijivumbi vya waridi kimoja kimoja, akivipeleka puani. Havikuwa na harufu yoyote.