Farasi wa Kushoto

Kila kitu kiliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, mvua ikiinyeshea Ngonga kama iliyotumwa kutukomoa. Baiskeli ilikwama kwenye tope, nikambeba mke wangu, Tusajigwe, mgongoni hadi zahanati. Nikakuta kufuli. Mganga yuko semina! Watu wanakufa, wakubwa wako semina wanakunywa soda. Kabla ya saa sita mke wangu alikuwa amenyamaza mgongoni kwangu.

Aliniachia binti mmoja, Kisa, na kikapu cha kete za sataranji. Tusajigwe alizaliwa Ikombe, kwa wafinyanzi. Kisa alipojifunza sataranji shuleni, mama yake alimfinyangia kete zote kwa udongo, akazichoma pamoja na vyungu. Farasi mmoja, yule anayekaa kushoto kwa Kisa, alitoka na ufa shingoni. Kando ya ufa ule kidole gumba cha marehemu kimeacha alama, mistari yake yote inaonekana.

Kila siku akitoka shule, Kisa huosha vyombo, kisha hutandika ubao kwenye mkeka wa mama yake. Mimi nikiwa nje nasikia tak, tak, tak, na mwili unanisisimka. Ndivyo Tusajigwe alivyokuwa akigonga vyungu kusikiliza kama vimeiva.

Darasa la tano Kisa aliwashinda wote shuleni. Baada ya hapo akakwama. Alicheza asubuhi, akacheza jioni, lakini hakupanda hata kidogo. Kijana mmoja wa Ipyana, Gwamaka, alimfunga mara tatu, na wilaya ingechukua wachezaji wawili tu kwenda Mbeya. Kisa aliitaka nafasi ile mpaka akawa anaitaja usingizini.

"Kisa, mfalme wako nimemlaza tena," Gwamaka alimwambia mara ya tatu. "Mpeleke Ngonga akafukuze ndege kwenye mpunga!"

Njiani nilimtuliza binti yangu. "Umeonewa, mwanangu. Wale wasimamizi wana watu wao. Wanyonge hatushindi."

Kisa alichana ukurasa wa daftari alimoandika mchezo ule, akautupa mtaroni.

Jumamosi tulipita mjini Kyela, dukani kwa Bi Pili, muuza vitenge aliyefundishwa sataranji na baba yake huko Tanga. Alilipokea daftari la Kisa, akafunua, akafunua.

"Mbona humu umeshinda tu? Mechi ulizofungwa ziko wapi?"

"Nilizichana, Bi Pili. Zile nilionewa."

"Nani kakwambia?"

Kisa akaniangalia. Nikajifanya nachagua kitambaa.

"Baba Kisa," alisema Bi Pili, "hilo unalolipima mabegani ni pazia."

Alitoa ubao wake wenye kete za plastiki, akamtaka Kisa aucheze upya mchezo aliofungwa mwisho. Kumbe karatasi ilichanika, lakini hatua zote zilibaki kichwani. Alizipanga moja baada ya moja hadi pale malkia wake alipoliwa.

"Hapa ndipo nilipoharibu," akasema Kisa.

"Hapo ulivuna tu. Ulipanda wapi? Rudisha nyuma."

Akarudisha.

"Rudisha tena."

Walirudi mpaka hatua ya tisa. Wakautandika mchezo wa pili, kisha wa tatu. Bi Pili aliweka kidole juu ya kete moja. "Michezo yote mitatu, huyu farasi wa kushoto hajatoka nyumbani. Wenzake wanauawa, yeye kasimama. Kwa nini?"

Kisa aliinamisha kichwa. "Akigongwa atavunjika. Ana kidole cha mama."

"Huyu si ni wa plastiki, mwanangu?"

"Mkono wangu haujui, Bi Pili."

Nilisikia tak, tak, ingawa hakuna aliyegusa kete.

Bi Pili alimshika mkono ule. "Sikiliza, Kisa. Mtu akikwama, kucheza sana peke yake hakumwondoi. Kaa na mchezo uliokuuma, urudishe mpaka uone mkono wako mwenyewe ulikosea wapi. Ukisema umeonewa, utakosea palepale kesho. Na mama yako hakukufinyangia pambo. Alikufinyangia farasi."

"Ndaga, Bi Pili," Kisa alishukuru.

Wiki ile alianza kumtoa farasi wa udongo. Mara ya kwanza alimsogeza kwa mikono miwili, kama anayebeba yai. Siku ya nne farasi aliteleza, sikio likamegeka. Kisa alilia, kisha akamfuta vumbi, akamrudisha ubaoni bila sikio. Alama ya kidole ilikuwa bado ipo.

Siku ya mashindano Gwamaka alikuja anatabasamu. "Leo mfalme namlaza saa ngapi?"

"Ngoja kwanza farasi anywe maji," Kisa alijibu.

Farasi wa kushoto alitoka hatua ya tatu. Mchezo ulikwenda mpaka jua likahama dirisha. Mwishowe Gwamaka aliutazama ubao, akatazama tena, akanyoosha mkono.

"Kumbe una farasi wawili!" alisema, wote wakacheka. Jina la Kisa likaandikwa kwenda Mbeya.

Nyumbani alizipanga kete za udongo kwenye mkeka. Furaha ilinizidi, nikaanza hadithi yangu ya siku zote.

"Mama yako angekuwepo leo! Wale watu wa zahanati na semina zao, Mungu anawaona. Lile kufuli..."

"Baba," Kisa alinikatiza. Hajawahi kunikatiza. Alikuwa amemshika farasi asiye na sikio, kidole gumba chake juu ya kidole cha mama yake. "Siku ya mama wewe huwa unaanzia Jumanne, kwenye kufuli. Tukirudisha nyuma, hatua moja moja, mpaka Jumapili kule shambani, mama aliposema mwili unawaka, nani alimwambia amalize kwanza kupalilia?"