Trampolini ya Bibi Merle

Kila siku alasiri, Tamsin Rudge alipotoka shuleni, alimkuta bibi yake mahali pale pale: kwenye kiti chake mbele ya runinga, miguu juu ya kigoda, kikombe cha chai mkononi. Bibi Merle alikuwa na miaka sabini na minane na nyonga mbovu. Baba yake Tamsin, Gavan, alishinda mashambani akijenga nyua za waya ili kangaruu wadogo wasimalize nyasi za ng'ombe. Mama yake, Leonie, alikuwa akioka mikate mjini. Kwa hiyo kutwa nzima bibi hakuwa na wa kuzungumza naye ila wauzaji wa kwenye runinga.

Chaneli yenyewe haikuwa na habari wala michezo. Ilikuwa ya kuuza tu, tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na watangazaji wake walimwita kila mtu "mpenzi".

"Njoo uone, Tamsin," bibi angesema. "Huyu anauza kikaango kisichoshika mayai. Mwaka jana aliuza kingine kama hicho, na mayai yakashika."

Bibi alipenda kutazama, na mara moja moja alinunua, lakini hakuwa mjinga. Whitemark, walikoishi, ni mji wa Kisiwa cha Flinders, kusini mwa Australia, na mtu wa Flinders hatoi anwani ya Flinders kwa muuzaji wa bara hata akishikiwa panga. Wote hutoa anwani ya Nev Tasker, mzee mwenye banda lake Bridport, ng'ambo ya maji, pale meli inapopakia. Nev hupokea vifurushi vya kisiwa kizima, huvitupia juu ya magunia ya mbolea, na meli huvileta kwa bei ya bia mbili. Ukitaja anwani ya kisiwani, kampuni za mizigo hukuongezea gharama mpaka ujute kuzaliwa. Hilo mtoto wa kisiwa hulijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Tamsin alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuwa mtoto mkatili, lakini alikuwa na domo. Darasani alipendwa kwa jambo moja tu: aliweza kuigiza sauti ya bibi yake, ile sauti ya kukwaruza yenye pumzi katikati, na watoto wakacheka mpaka wakashika mbavu. Siku wasipotaka kuchekeshwa, walimsahau.

"Kwani kwenu kuna nini zaidi ya bibi na runinga?" Sheridan alimuuliza siku moja mbele ya wenzao. Sheridan alikuwa binti wa mwenye hoteli na hakuwahi kukosa kitu.

"Kuna trampolini inakuja," Tamsin akajibu bila kufikiri. "Kubwa. Yenye wavu pembeni."

"Lini?"

"Kabla mwezi haujaisha."

"Haya, tutakuja kuiruka," Sheridan akasema. "Tusipoikuta, tutakuruka wewe."

Darasa likaangua kicheko. Tamsin naye akacheka.

Kesho yake, kama vile shetani ndiye aliyepanga ratiba, chaneli ya bibi ilikuwa ikiuza trampolini. Dola sabini na tisa! Kuifikisha mlangoni dola kumi tu, popote Australia! Chini kabisa ya kioo yalipita maandishi madogo, kwa haraka, na Tamsin hakuyasoma. Bibi alikuwa amelala kitini, kinywa wazi. Kadi yake ya benki ilikuwa kwenye kopo la biskuti, kama siku zote, maana nyumba ile haikuwa na mwizi.

Tamsin akachukua kadi na simu, akaenda kujifungia chumbani.

"Hallo, mpenzi," akakwaruza. "Mimi ni Merle Rudge. Naitaka hiyo trampolini. Ni ya mjukuu wangu, unajua."

"Hongera, mama! Ana bahati huyo mjukuu," akasema msichana wa upande wa pili. Akauliza namba za kadi, akauliza tarehe ya kuzaliwa, na Tamsin akazitaja zote bila kusita. "Na mzigo tuufikishe wapi?"

Tamsin akafungua kinywa kusema Bridport, kisha akakifunga. Nev Tasker alikuwa na tabia ya kumpigia baba simu kwa kila kifurushi, hata kiwe bahasha. Akitaja Bridport, atakamatwa. Akataja nyumba yao ya Whitemark.

"Huko kuna nyongeza ya kisiwa, mama. Mwenye kubeba ndiye atakayeikokotoa, na itakatwa moja kwa moja kwenye kadi. Unakubali?"

"Nakubali, nakubali. Usinichoshe, mpenzi."

Alidhani mzigo ungefika siku ya kazi, auingize bandani, kisha atafute uongo wa kuuelezea. Ukafika Jumamosi ya mvua, baba yuko nyumbani. Dereva akashusha boksi refu kama jeneza, akampa baba karatasi. Baba akaisoma mlangoni, akaisoma tena, akaingia ndani maji yakimchuruzika.

"Trampolini, dola sabini na tisa," akasema polepole. "Kuisafirisha, dola kumi. Nyongeza ya kisiwa, dola mia tatu na kumi na mbili. Na zimeshakatwa. Nani ameagiza kitu hiki?"

Bibi akageuza shingo kutoka kwenye runinga. Mama akamtazama Tamsin.

"Labda Bibi," Tamsin akasema.

Maneno mawili tu.

"Mimi?" Bibi akacheka. "Na nyonga hii?"

Hakuna aliyecheka naye. Baba akaipigia kampuni simu. Wakamwambia aliyeagiza alikuwa mama mzee, mchangamfu, mwenye kadi yake na tarehe yake ya kuzaliwa, na alisema ni zawadi ya mjukuu. Kurudisha mzigo kunawezekana, ila kuusafirisha kurudi bara ni juu ya mnunuzi, kwa bei ile ile.

Baba akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi. "Mama, ulitoa anwani ya hapa."

"Sijatoa anwani yoyote, Gavan."

"Mama, hakuna mtu wa kisiwa hiki mwenye akili zake anayetoa anwani ya hapa."

Hilo ndilo lililommaliza bibi. Angeweza kubishia kadi, angeweza kubishia simu, lakini hilo la anwani hakuwa na jibu lake. Uso ukamsinyaa. "Mwenye akili zake," akarudia. "Hapana. Hatoi."

Tamsin alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwao. Angeweza kusema. Akaenda kulifungua boksi.

Yaliyofuata yalifanywa kwa upole, na kwa sababu hiyo yaliuma zaidi. Baba akaichukua kadi ya bibi. Mama akaiondoa simu mezani. Shangazi Rhonda, dada yake baba, ambaye tangu mwaka juzi alikuwa akisema bibi apelekwe kwenye makao ya wazee ya Launceston, ng'ambo ya maji, akapiga simu na kusema, "Si niliwaambia?" Mwisho wakaihamishia runinga chumbani kwa wazazi, kwa kuwa daktari waliyempigia simu alisema vishawishi vipunguzwe.

Bibi akabaki anautazama ukuta. Kila asubuhi alimuuliza Tamsin kabla hajaenda shule, "Leo ni Jumanne, sivyo?" Kesho yake akauliza kama ni Jumatano. Na kila mara ilikuwa kweli ndiyo siku aliyoitaja. Alikuwa akijipima. Tamsin alimjibu taratibu, kama anavyojibiwa mgonjwa, kisha akachukua mkoba wake akaondoka.

Na trampolini? Aliipata trampolini. Sheridan na wenzake wakaja, wakairuka uani alasiri nzima, na kwa mara ya kwanza Tamsin akawa mtu wa kuitwa kwa jina.

"Ni kweli bibi yako amerukwa na akili, akakununulia hii?" Sheridan akauliza, nywele zikimpanda na kushuka.

"Kabisa," Tamsin akasema. Wenzake walikuwa wakingoja kuchekeshwa, naye akawachekesha: "Hallo, mpenzi! Nipe mbili! Nyingine nitaivaa kichwani!"

Wakaanguka kwa kucheka. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi. Tamsin alipoinua macho, aliuona mkono wa bibi ukilivuta dirisha, taratibu, mpaka likafunga.

Wiki ya tatu nafasi ikapatikana Launceston. Shangazi Rhonda angekuja Ijumaa jioni, na Jumamosi angeondoka na bibi kwa ndege. Tamsin alitegemea bibi apigane. Bibi Merle aliwahi kumfukuza fahali kwa ufagio, na kisiwa kizima kilijua. Hakupigana.

"Nimekubali," aliwaambia mezani. "Leo nimeagiza upuuzi. Kesho nitasahau jiko, na mtoto amelala humu ndani. Afadhali niende."

Mtoto ambaye bibi alimhurumia ndiye yule yule aliyemsaliti. Tamsin akausukuma uji wake kando.

Ijumaa alasiri alimkuta bibi akikunja nguo kitandani. Begi lilikuwa dogo. Bibi akampa daftari na kalamu.

"Nisaidie jambo, mjukuu wangu. Andika majina ya watu wa nyumba hii, na mbele ya kila jina uandike ni nani kwangu. Huko nikisahau, muuguzi atanisomea."

Tamsin akaandika: *Gavan, mwanao. Leonie, mke wa mwanao.* Akaandika jina lake, akaweka mkato, akaishia hapo. Machozi yakaanza kudondoka juu ya karatasi.

"Bibi, si wewe."

"Si mimi nini?"

"Hukuagiza wewe. Ni mimi. Nilipiga simu kwa sauti yako."

Bibi akakaa kitandani, shati moja likiwa mkononi.

"Rudia," akasema.

Tamsin akarudia, safari hii akieleza yote: Sheridan, kopo la biskuti, Nev Tasker, anwani. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Hakumkumbatia.

"Kwa hiyo kila asubuhi nilipokuuliza ni siku gani," akasema, "ulijua kwamba kichwa changu ni kizima."

"Ndiyo, Bibi."

"Na ukaniacha niulize."

"Ndiyo, Bibi."

Jioni ile shangazi Rhonda akafika na viatu vyake vya mjini, na bibi akamlazimisha Tamsin asimame katikati ya sebule aseme upya. Baba akashika kichwa. Lakini shangazi akatabasamu kwa huruma.

"Mtoto ana moyo mzuri," akasema. "Anamkingia kifua bibi yake ili asiondoke. Tamsin, mpenzi, aliyepiga simu alikuwa mama mzee. Kampuni yenyewe imesema."

Bibi akamgeukia Tamsin. "Ongea kama mimi."

"Bibi, tafadhali."

"Kwa watu usiowajua uliongea. Kwa Sheridan uliongea, nikasikia. Ongea na hapa, mbele ya watu wako."

Tamsin akafumba macho. "Hallo, mpenzi," akakwaruza, pumzi katikati. "Mimi ni Merle Rudge. Naitaka hiyo trampolini. Ni ya mjukuu wangu, unajua."

Ilikuwa sauti ile ile hasa. Mama akajiziba mdomo. Baba akamwendea mama yake akaangua kilio kama mtoto mdogo, akiomba radhi, na bibi akampigapiga mgongoni akimwangalia Tamsin juu ya bega lake.

Jumamosi ndege ikaruka na shangazi peke yake. Kadi, simu na runinga vikarudi mahali pake. Trampolini ikauzwa kwa baba yake Sheridan kwa dola arobaini, naye akadai apunguziwe kwa kuwa ilikuwa imesharukiwa.

Dola zilizobaki alizifanyia kazi Tamsin. Aprili ni msimu wa kuwinda ndege wa baharini, wale wenye mafuta wanaoliwa kisiwani, na likizo nzima alisimama kwenye banda la kunyonyolea tangu kunapambazuka, vidole vikibabuka kwa maji ya moto, manyoya hadi puani. Harufu ile haitoki kwa sabuni. Sheridan alipopita alijiziba pua, akasema, "Nani amekufa?"

Siku ya mwisho alimpelekea bibi bahasha ya malipo yake.

"Nimetimiza, Bibi. Yameisha sasa?"

Bibi akapunguza sauti ya runinga, akamwambia akae.

"Ya pesa yameisha," akasema. "Sasa sikiliza. Bei wanayokutangazia si bei ya kitu. Uliza kwanza kukifikisha kwako ni kiasi gani, usome na yale maandishi madogo, ndipo useme nakubali. Hilo ni dogo, hata mjinga hulijua akishaumia mara moja. Kubwa ni hili: uongo nao ni hivyo hivyo. Kuusema hakukukugharimu kitu. 'Labda Bibi.' Lakini kuna aliyelipa, na hukuwa wewe. Wiki tatu nilikaa kwenye kiti hiki nikikiogopa kichwa changu mwenyewe, na hata leo nikisahau jina la mtu moyo unanipasuka. Hizo wiki hunirudishii, mwanangu, hata ukinyonyoa ndege wote wa bahari hii."

Tamsin akainama. "Utanisamehe?"

"Nitakusamehe," Bibi Merle akasema. "Lakini sijakusamehe bado, na mimi sisemi uongo."