Ujumbe Ulioishia Uwanjani

Kila Ijumaa akitoka shule, Mbio alichota maji, akafagia uwanja, kisha akapeleka ujumbe wa baba kwa shangazi. Walimwita Mbio kwa sababu binti huyo hakujua kutembea. Yeye ni kukimbia tu. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Kesho tunapiga dawa." Shangazi akiusikia, alfajiri huziba milango ya mizinga yake minne kwa magunia yaliyoloweshwa, nyuki wasitoke kwenda kwenye maua ya matikiti ya kaka yake. Kwa utaratibu huo ndugu hao walipakana mashamba miaka kumi bila ugomvi.

Ijumaa moja Mbio aliwakuta wenzake wakicheza mpira, timu imepungukiwa mtu. Alisema atacheza kidogo tu. Kidogo hicho kikafika magharibi.

"Umemwambia shangazi yako?" baba aliuliza wakati wa chakula.

"Nimemwambia, baba," alijibu bila kupepesa macho.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, shangazi aliingia bila hodi akiwa na ungo umejaa nyuki. Wengi walikuwa wamekufa, wengine wakizunguka chali.

"Kaka, umenimaliza!"

"Mimi? Si nilikutumia habari? Laumu uvivu wako wa kuamka!"

"Habari ipi? Hakuja mtu kwangu!"

"Sasa unamsingizia mtoto?"

Nyuma ya mlango, Mbio alisikia kila neno. Aliona aibu, lakini woga ulimzidi.

Bwana shamba aliitwa. Aliinama juu ya ungo, akatikisa kichwa.

"Mwili wa nyuki hutumia oksijeni kupata nguvu, kama wetu," alisema. "Kazi hiyo huacha mabaki makali, na mwili una kinga ya kuyazima. Sumu huyazidisha mpaka kinga inashindwa. Basi yanamla kwa ndani, kama kutu inavyokula jembe. Hata aliyeonja kidogo hupotea njia ya kwao. Pigeni dawa jioni, wakisharudi."

Mbio akatoka nyuma ya mlango. "Baba, sikufika kwa shangazi. Nilicheza mpira."

Baba akamgeukia dada yake. "Nisamehe, dada. Tutapiga jioni, na habari nitaleta mwenyewe."

Mbio alipiga magoti mbele ya shangazi, akilia.

"Mizinga mitatu imekwisha," shangazi alisema. "Mpira nimekusamehe, mwanangu. Mtoto ni mchezo. Lakini uliulizwa, ukadanganya. Kosa likikiriwa mapema hurekebishika. Ungesema kweli jana pale kwenye chakula, baba yako angekuja, nami alfajiri ningeziba. Hawa wote wangekuwa hai."

Mbio alichukua ungo akaenda kuwafukia nyuki. Ilimbidi akae chini asubiri, maana wengine walikuwa bado wanatikisa miguu.