Fundi Umeme na Chatu wa Mjane

"Shuka kwenye kiti," mshonaji alisema.

"Kwanza yeye arudi kwake," fundi umeme alijibu kutoka juu ya kiti, viatu vyake miguuni.

"Yuko kwake. Kuna kioo katikati yenu."

Ndani ya sanduku la kioo, chatu mdogo, mnene kama mpini wa ufagio, alikuwa amejikunja chini ya taa ya kumpa joto. Fundi alikuwa amekuja kupanga siku ya posa.

"Mpenzi, hukuniambia unafuga nyoka."

"Nilifuga tangu usichana. Marehemu mume wangu hakuweza kulala nao nyumba moja, nikaacha. Mwezi uliopita nilianza tena. Huyu anaitwa Mpole."

"Mpole ana meno?"

"Madogo. Hana sumu."

"Hata mimi sina sumu, lakini hakuna anayenifungia kwenye kioo."

Fundi akashuka, akaaga. Alipofika kwake akatuma meseji: "Chagua. Mimi au huyo."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima: "Marehemu nilimpa miaka kumi na moja bila nyoka, na sijutii hata siku moja. Alipoondoka, nilikaa miaka miwili sifungui mapazia. Mpole anataka mwanga, nikayafungua. Simtoi."

Fundi aliisoma mara nne, kisha akanyamaza siku tatu.

Siku ya nne mvua ilinyesha tangu alfajiri, baridi ikaingia hadi kwenye mifupa. Simu ikaita.

"Taa ya Mpole imezima na soketi inatoa moshi."

"Unampigia mchumba?"

"Nampigia fundi. Mchumba hajaniambia kama bado yupo."

Fundi akabeba begi la vifaa. Alimkuta mshonaji kwenye kochi, amejifunga shali, kichwa kidogo kikichungulia karibu na shingo yake.

"Nampa joto la mwili wangu. Usigeuke sana."

"Sikuwa na mpango huo."

Akazima umeme, akafungua soketi, jasho likimtoka katika baridi ileile. Nyuma yake mshonaji alikuwa akinong'ona na chatu, mara akacheka. Bisibisi ikasimama. Miezi minane ya uchumba, fundi hakuwahi kuusikia ucheko ule. Yeye alikuwa akipewa tabasamu wanalopewa wateja.

"Amefanya nini?"

"Anataka kuingia kwenye mkono wa blauzi."

"Hana adabu."

Taa ikawaka. Chatu akarudishwa ndani. Fundi hakufunga begi. Alitoa tepu ya kupimia, akasogelea sanduku hatua moja moja.

"Atakua hadi wapi?"

"Mita moja na nusu. Unapima nini?"

"Sanduku hili litakuwa dogo. Sebuleni kwangu kuna ukuta mpana karibu na dirisha. Nitamwekea soketi yake mwenyewe, asiigombanie na pasi yako."

Mshonaji akaivua shali.

"Na mimi utaniwekea nini?"

"Wewe chagua upande wa kitanda unaoutaka. Yeye hachagui."